Kazi Yote Iko Ndani

Slipa ya Newfoundland ukiiona kwa nje hutaitamani. Ni kiatu cha sufu ya kijivu kilichofumwa kwa mkono, kifupi, kinaishia kwenye kifundo cha mguu, na kimevimba kuliko unavyotarajia. Kinachovuta jicho ni alama nyeupe ndogondogo zilizokaa kwa mpangilio, mfano wa punje za mchele zilizomwagika juu ya mkeka. Asiyejua atadhani ni urembo tu. Sasa ingiza mkono. Ndani huoni mfumo wowote, unakutana na manyoya matupu: vishungi vya sufu laini vimesongamana kuanzia vidoleni hadi kisiginoni mpaka mkono unakosa pa kupita. Kila punje nyeupe uliyoiona nje ni kiuno cha kishungi kimoja kilicholala ndani, na kila kishungi kiliwekwa peke yake wakati slipa inafumwa. Hakuna kilichoshonewa baadaye.

Ufundi huu ni wa kisiwa cha Newfoundland na pwani ya Labrador, mashariki kabisa mwa Kanada, ambako vishungi hivyo huitwa thrums. Msomaji wa Tanga au Lamu ataniuliza nani anahitaji kiatu cha namna hii. Wa Makete, Limuru au Kinangop, anayeamka asubuhi ya Julai na kukuta umande umeganda juu ya majani, hataniuliza.

Ukitazama ramani, baridi ya Newfoundland inashangaza. Mji mkuu wake, St. John's, uko kusini zaidi kuliko Paris. Lakini pwani yake inapitiwa na mkondo wa Labrador, unaoteremsha maji ya baridi kutoka kaskazini ya mbali, na majira ya kuchipua vipande vya barafu vyenye ukubwa wa maghorofa huelea mbele ya vijiji vya wavuvi huku ukungu ukitanda juu yake. Kwa karne kadhaa maisha ya kisiwa hicho yalikuwa chewa wa baharini: kumvua, kumpasua, kumtia chumvi, kumwanika. Hizo ni kazi za maji na za upepo. Nyumba zilikuwa za mbao, zikipata joto kutoka jiko la jikoni, na sakafu ya vyumba vingine ilibaki na baridi yake. Hapo mwanamke mwenye sindano za kufumia hakuwa anapitisha muda. Alikuwa anahesabu miguu na mikono ya watu wake na kuangalia majira yaliyobaki.

Vishungi vilianzia mkononi ndipo vikashuka mguuni. Wavuvi, wakata kuni na wawinda sili walivaa glavu nene ambazo vidole vyote vinne hukaa chumba kimoja na gumba chake peke yake; nyingine zilimwachia mwenye bunduki na kidole cha shahada, ili aweze kufyatua bila kuivua. Kuijaza glavu hiyo sufu isiyosokotwa kulikuwa na maana iliyo wazi. Kwa mguu, kisiwa kilikuwa na soksi fupi nene zinazoitwa vamps, zilizovaliwa juu ya soksi nyingine ndani ya buti la mpira, na ambazo mtu akishavua buti aliendelea kutembea nazo jikoni. Ukichukua soksi hiyo fupi ukaipa matumbo ya ile glavu, umepata slipa.

Chimbuko la vishungi lenyewe ni la kimaskini. Mfumi wa nguo anapomaliza gora na kulikata kutoka kwenye mtambo, hubaki ncha za nyuzi za mtande zilizofungwa pale, fupi mno kufumia kitu kingine. Ni matamvua yasiyo na nguo. Uingereza ya zamani haikuyatupa. Yalifumwa kwenye kofia zikawa na manyoya, na kofia hizo zilikuwa vichwani mwa mabaharia na watu wa kawaida enzi za Shakespeare. Yalitengenezewa matambara ya kusugulia sakafu. Na melini, vipande vya kamba kuukuu vilipenyezwa kwenye turubai ili kupata mikeka minene ya kuzuia kamba na matanga yasisagane.

Hapa nichepuke kidogo, maana kisa hiki kinanifurahisha. Usiku wa tarehe 11 Juni 1770, meli ya nahodha Mwingereza James Cook, Endeavour, ilipanda mwamba kwenye Great Barrier Reef, pwani ya Australia. Walipofanikiwa kuinasua ilikuwa inaingiza maji. Kijana mmoja wa melini, Jonathan Monkhouse, aliwahi kushuhudia meli ya biashara iliyotoka Virginia kwenda London ikiokolewa kwa njia fulani, akapewa kazi aisimamie. Walichukua tanga, wakalipachika mafungumafungu ya sufu na nyuzi za kamba zilizokatwakatwa, wakalipaka mavi ya kondoo, kisha wakalivuta kwa kamba chini ya tumbo la meli. Maji yaliyokuwa yakikimbilia ndani yakaivuta sufu, tundu likaziba, na watu wote wakafika nchi kavu. Kabla ya hapo, kuanzia 1763 hadi 1767, Cook huyohuyo alikuwa Newfoundland akipima na kuchora pwani yake. Sisemi kwamba ujanja ule aliutoa huko. Wazo lilikuwa la Monkhouse. Nasema tu kwamba watu wa bahari walijua muda mrefu kuwa sufu iliyopachikwa kwa mafungu hufanya kazi ambayo kitambaa kitupu hakiwezi.

Turudi kwenye slipa, kwenye namna inavyofumwa, kwa sababu huko ndiko uvumilivu uliko.

Kazi huanza kabla ya sindano kushikwa. Sufu ya vishungi haijasokotwa; imeoshwa na kuchanwa tu, ikakaa katika mkanda mrefu mwepesi usio na nguvu yoyote. Mkanda huo haukatwi kwa mkasi. Unaushika kwa mikono miwili iliyoachana kidogo na kuuvuta taratibu, nyuzi zinateleza zenyewe na kuachana, na mkononi kinabaki kipande chenye urefu wa kiganja na vidole vyake, ncha zake zikiwa zimepungua wembamba kiasili. Mkasi huacha ncha butu zisizoshikana na wenzake, nazo huanza kunyonyoka mapema. Kipande hicho unakitenga kwa urefu hadi kiwe chembamba, unakunja ncha zote mbili zikutane katikati, kisha unasokota kiuno chake kidogo baina ya gumba na kidole cha shahada. Wengine hulowesha vidole kwanza. Kishungi kimoja kimekamilika. Unakiweka kapuni, unaanza kingine.

Ugumu wa hatua hii hausemwi sana kwa sababu hauna mbinu: ni kufanya kitu kilekile kwa kipimo kilekile bila mizani. Kishungi kikizidi unene, kitakuwa uvimbe chini ya wayo, na mguu utakilalamikia kila hatua. Kikipungua, panabaki pengo, na baridi haihitaji mlango mpana. Wafumaji wazoefu hutengeneza kapu zima kwanza ndipo waanze kufuma, kwa kuwa mkono uliozoea kuvuta sufu ukiachwa kwenye kazi hiyo moja hautangatangi, ilhali ukirukaruka kutoka sindano kwenda sufu na kurudi, vishungi vya jioni havitalingana na vya asubuhi.

Slipa yenyewe hufumwa kwa mduara, kwa sindano nne au tano zilizochongoka ncha zote mbili. Kwa kawaida huanzia juu, kwenye kifundo, kwa mbavu za vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma ili ishike mguu. Kisha kisigino: vitanzi nusu vinafumwa kwenda na kurudi mpaka kipatikane kibao cha nyuma, halafu mistari inafupishwa hatua kwa hatua hadi sufu bapa ijikunje kuwa kikombe. Anayefuma soksi anaijua kona hiyo, na hapa haina tofauti, kwa hiyo naipita. Baada ya hapo vitanzi vinaokotwa pembeni, mduara unarudi, na safari ya kwenda vidoleni inaanza.

Tuseme mduara una vitanzi 40. Mfumaji anafuma vitatu vya kawaida. Kwenye cha nne anaingiza sindano, analaza kiuno cha kishungi juu ya ncha yake, mikia yote miwili ikielekea ndani, kisha anazungusha uzi na kuvitoa vyote kwa pamoja. Kwenye sindano sasa kuna kitanzi chenye watu wawili, uzi na sufu. Vitatu vya kawaida tena, kishungi tena, mpaka mduara ukamilike: vishungi 10. Mzunguko unaofuata hauna vishungi vipya, ila una kazi muhimu kuliko yote. Kila anapofikia penye kishungi, anafuma uzi na sufu kwa pamoja kupitia mgongo wa kitanzi, si kupitia mbele. Kitanzi kinapinda, miguu yake inapishana, na kishungi kinabanwa shingoni. Bila mpindo huo sufu ingeteleza na kutoka siku ya kwanza.

Kisha mizunguko miwili mitupu, na vishungi vinarudi, lakini safari hii vimesogea vitanzi viwili ili kila kimoja kikae katikati ya viwili vya chini yake. Ndiyo maana zile alama za nje zinapishana. Uzuri huo haukukusudiwa. Vikipangwa wima vingeacha mifereji mitupu kati ya safu, na mguu ungeihisi yote.

Piga hesabu. Kwa uzi mnene wa kawaida, wayo wa mtu mzima huchukua mizunguko 50 na ushee. Kila mzunguko wa nne una vishungi 10. Slipa moja inakaribia vishungi 130, jozi inapita 250, na kila kimoja kimevutwa, kimekunjwa, kimesokotwa kiuno, kimelazwa kwenye sindano na kufungwa katika mzunguko wa pili. Hakuna mashine ya nyumbani itakayokufanyia hilo.

Nikichukua slipa iliyokamilika na kuifuata kwa macho, kinachonishangaza zaidi ni kwamba mfumaji haoni anachokifanya. Upande wa nje ndio unaomtazama. Vishungi vinaota kuelekea gizani, ndani ya mrija unaozidi kujaa, na kila baada ya muda anaingiza vidole kuvuta mikia miwili ya kila kishungi ilingane. Akivuta sana, kiuno kinazama na kuvivuta vitanzi jirani, nje panaonekana kovu. Asipovuta, kiuno kinabaki kimetokeza na kitanaswa na msumari wa kwanza. Kipimo kiko kwenye ncha za vidole. Ikifika katikati ya wayo, slipa inakuwa na uzito na ukaidi. Sindano hazigeuki vizuri, sufu iliyolegea inashika kila ncha, na uzi mmoja wa kishungi ukiingia kwenye kitanzi kisicho chake, nje pataota nywele. Mfumaji mvivu huacha. Mzuri anarudi nyuma kitanzi kimoja, anautoa.

Jambo jingine linaloumiza wanaoanza ni ukubwa. Slipa hizi hufumwa pana kupita mguu, maana nafasi kubwa itamezwa na sufu. Anayefuata kipimo cha soksi atamaliza akiwa na kitu kizuri ambacho mtoto wake ndiye atakayekivaa. Hata zilizofumwa kwa kipimo sahihi huukataa mguu mwanzoni. Unasukuma, unavuta kwa nyuma, unahisi umevaa mto. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu kazi haijaisha.

Unywele wa kondoo una magamba madogo juu yake, na una mawimbi kwa urefu wake wote. Mawimbi ndiyo yanayofungia hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto lisiondoke. Sufu yenyewe ni kiunzi tu cha kuishikilia. Tena sufu hunyonya mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla haijahisika kulowa, na inaponyonya hutoa joto kidogo. Magamba yana kazi nyingine. Yakipata joto, unyevu na msuguano, hushikana na hayaachani tena. Mguu ndani ya slipa unayo yote matatu, pamoja na uzito wa mwili mzima. Wiki zinavyopita, vishungi vilivyokuwa kimojakimoja vinalala, vinagandamana, vinakuwa tabaka moja. Chini ya kisigino na chini ya vidole tabaka hilo linakuwa jembamba na gumu. Kwenye upinde wa wayo, ambako mguu haukanyagi, sufu inabaki imefura. Mfumaji alitoa umbo la mguu wowote, na mvaaji anatoa la mguu wake. Ndiyo sababu slipa ya mwenzako ya mwaka jana haitakukaa hata kama namba ni moja.

Kwa hiyo sielewi wanaofumia vishungi kwa sufu iliyotiwa dawa isigandamane ili iweze kufuliwa kwa mashine. Wameondoa kilekile kilichowafanya waivumilie kazi yote. Mabishano mengine nayaelewa. Kuna wanaotaka sufu ya kondoo wa merino kwa ulaini wake. Mimi kwa mguu ningechagua Corriedale, yenye unywele mrefu na imara zaidi, nayo si ngeni kwetu kwani kondoo wa Corriedale wanafugwa nyanda za juu za Kenya. Kwa uzi wa nje, kuna kiwanda cha Briggs & Little huko New Brunswick, kilichoanza mwaka 1857, kinachosokota uzi mkavu, mgumu kidogo kiganjani, usio na mbwembwe. Nje panataka uimara; mguu hautagusana napo.

Wala tusiigeuze kazi hii kuwa ya mapenzi matupu ya bibi na mjukuu. Vijiji vya wavuvi vya Newfoundland viliishi kwa mkopo wa mfanyabiashara: samaki kwenda, unga, chai na ndoana kurudi, fedha taslimu haionekani. Hospitali zilikuwa mbali, na vijiji vingi vilifikika kwa mashua tu. Mwaka 1920 iliundwa kamati ya kuwapeleka wauguzi vijijini, na mwaka 1924 ikazaliwa NONIA, chama kilichounganisha uuguzi huo na kazi za mikono. Wanawake waliletewa uzi, wakafuma, vitu vikauzwa, na mapato yakasaidia kulipa mishahara ya wauguzi. Serikali iliuchukua uuguzi huo mwaka 1934, lakini ufumaji uliendelea, na NONIA bado wana duka lao barabara ya Water Street, St. John's. Huwa nalikumbuka hilo kila mtu anaposema kufuma ni kazi ya kupotezea muda. Pale, soksi na sweta zilizaa muuguzi.

Malipo ya slipa leo ni habari nyingine. Weka saa zote hizo kwenye mizani ya mshahara, hata wa chini kabisa, na utaona hakuna mnunuzi anayezilipa zote. Wengi hufuma kwa ajili ya watu wao, au huuza wakijua kwamba wanauza kwa hasara ya muda wao. Sina dawa ya hilo. Ninachoweza ni kumsaidia mnunuzi atambue anachouziwa.

Ukizishika, usianze na rangi. Pindua ukosi, tazama ndani hadi uone mizizi ya vishungi, uvute kimoja kwa upole: kisitoke, na mikia yake ilingane. Pitisha mkono chini ya wayo ukitafuta uvimbe. Kagua nje kama vitanzi vilivyobeba sufu vimepinda na kulala sawa na wenzake. Uliza kama sufu imetiwa dawa. Angalia soli, maana sakafu ya mbao au vigae na slipa ya sufu havipatani. Matone ya mpira yatakuzuia kuteleza kwa muda, lakini kipande cha ngozi laini kilichoshonwa kwa mkono ndicho kitakachokuvusha.

Nyumbani, fua kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila kusugua wala kukamua kwa kusokota. Kandamiza ndani ya taulo, kisha laza mahali penye hewa, mbali na jiko. Zitachukua siku kukauka. Palipopata upara, kishungi kipya hupenyezwa kutoka ndani kwa ndoana ya kufumia, chini ya miguu miwili ya kitanzi, na siku chache za kutembea zitakifungia humo. Wayo ukitoboka kabisa huwezi tena kufumua na kuanza upya, kwani sufu ilishagandamana na uzi haufuatiki. Hapo hukatwa ngozi ya buti kuukuu, ikashonewa chini, na slipa ikarudi kazini.